SOMO: MAMA MWILU MARIE, MAMA NA MWALIMU WA SIKU ZA MATESO

Masomo ya kusoma mbele: Kutoka 2:1-10, Mezali 31:10-31, 2 Timoteo 1:5.



Kila mwaka, tarehe 27 Aprili, tunakumbuka Mama Mwilu Marie Kiawanga, aliyelala mauti siku hiyo mwaka wa 1959. Hapa kwetu Butembo na Beni wengi wanajua jina lake. Lakini ukiuliza kijana wa koro kazi ya mama huyu ilikuwa nini, atakujibu: alikuwa bibi ya Tata Simon Kimbangu. Ni kweli, lakini jibu hilo ni fupi sana. Leo tujifunze habari zake kama mama mwenye kulea na kama mwalimu.

Yeye na bwana yake walibatizwa pamoja tarehe 4 Julai 1915 katika misioni ya Wabatisti wa Uingereza, Ngombe Lutete. Tarehe 6 Aprili 1921 Tata Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponya na kuhubiri. Kazi hiyo ya wazi ilidumu miezi mitano tu. Tarehe 12 Septemba akakamatwa, na tarehe 3 Oktoba tribinali ya waaskari huko Thysville (leo Mbanza-Ngungu) ikamhukumu kifo na fimbo 120. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na huko akafa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabu mwenyewe: miaka 30. Katika miaka hiyo yote nyumba ya Nkamba ilikuwa na mama peke yake.

Sasa angalia umri wa watoto. Charles Kisolokele alizaliwa 1914, Salomon Dialungana 1916, Joseph Diangienda 1918. Baba yao alipokamatwa, mkubwa alikuwa na miaka 7, wa kati 5, na mdogo 3. Mkubwa huyo serikali ikamchukua na kumpeleka Boma, katika koloni ya shule, na baadaye Diangienda naye akasomeshwa kule Boma. Maana yake mtoto wa mfungwa alilelewa na wale wale waliomfunga baba yake.

Hapa ndipo Kutoka 2 inatusaidia. Yokebedi alimnyonyesha Musa muda mfupi, kisha akampeleka katika nyumba ya Farao. Musa akala chakula cha Farao, akasoma elimu ya Farao, lakini alipokuwa mtu mzima alijua ndugu zake ni nani. Nani alimfundisha? Si walimu wa Misri. Mama Mwilu naye alipewa miaka michache na Kisolokele, na hakujua mbele itakuwa mingapi. Wazazi wengi tunasema: mtoto akikua nitamfundisha kusali. Nani amekuambia atakuwa bado nyumbani kwako?

Pia alikuwa mwalimu wa waamini. Ibada zilikatazwa, na waliokamatwa walifukuzwa na jamaa zao mpaka mikoa ya mbali; kanisa letu huhesabu jamaa 37,000. Wengine waliletwa mpaka Lowa, kwenye mto Lualaba, upande wetu huu wa mashariki. Waliobaki walimwendea mama kwa siri, na yeye aliwashika katika yale yaliyohubiriwa mwaka wa 1921: kuacha dawa za kienyeji na sanamu, bwana mmoja na bibi mmoja, kupenda hata anayekutesa. Mwalimu huyu hakuwa na ubao wala chaki, na askari walikuwa karibu. Lakini kwa miaka 38 kundi halikutawanyika.

Neno hilo la kupenda anayekutesa ni rahisi kulisema kanisani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamezika wafu wengi sana waliouawa kwa panga na kwa risasi. Kuna mama wa Oicha na wa Eringeti waliokimbilia Beni na Butembo na watoto, bila bwana, bila shamba. Kijana wa miaka 15 anauliza: Mama, kwa nini nisiingie msituni nishike bunduki? Mama huyo anahitaji mfano kuliko hotuba. Mama Mwilu alikuwa na sababu zote za kulea watoto watatu katika kisasi. Hakufanya hivyo. Watoto hao ndio waliokuja kusimamisha kanisa mbele ya serikali bila kumwaga damu: lilikubaliwa tarehe 24 Desemba 1959, miezi karibu minane baada ya mama kulala. Hakuliona kwa macho.

Siku zile watoto wa waamini walifukuzwa katika shule za misioni juu ya imani ya wazazi, ndipo kanisa likaanza shule zake. Mwaka wa 1977 serikali ilipotia sahihi mapatano ya shule na makanisa, letu lilikuwa pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa na katika kikundi cha mama:

1. Yokebedi na Mama Mwilu: ni nini walichoweza kumpa mtoto ambacho Farao na serikali hawakuweza kukiondoa?

2. Paulo anamtaja nyanya na mama wa Timoteo, hamtaji baba yake katika mstari huu. Sisi wababa tulio nyumbani, hatukufungwa na mtu, tunafundisha nini?

3. Katika parokia yetu kuna mjane gani aliyekimbia vita? Nani atamtembelea juma hili, na atamchukulia nini mkononi?