Habari za Matende na Mabusha

Katika nchi yetu ya pwani, tangu Dar es Salaam, kupita Mbweni na Bunju, hata Bagamoyo, Saadani na Pangani, ni nani asiyepata kuona mguu wa matende? Na mabusha nayo wayajua wote, ingawa huyataja kwa mzaha au kwa kunong'ona. Mwenye matende huona haya kukaa mbele za watu. Mwenye busha hujifunga nguo pana na kujitenga na wenzake, wala hasemi neno hata siku ile ambapo hawezi tena kupanda mnazi wala kusukuma ngalawa. Wengi hudhani ya kuwa ni urithi, au uchawi, au kwamba madafu aliyokunywa ujanani yamemshukia chini. Basi yafaa tujifunze asili ya ugonjwa huu, maana asiyejua adui yake akaa wapi hawezi kupigana naye.

1. Mnyoo mwenyewe

Katika pwani yetu matende na mabusha kwa kawaida huwa na asili moja. Mwenye kuyaleta ni mnyoo mwembamba, mweupe, kama uzi wa kushonea. Jike urefu wake hufikia milimita 80 hata 100; dume hupata kama milimita 40. Wataalamu wamemwita Wuchereria bancrofti kwa kuwakumbuka madaktari wawili: Wucherer, aliyeviona vitoto vyake huko Brazili mwaka 1866, na Bancroft, aliyemwona mnyoo mzima katika Australia mwaka 1876.

Mnyoo huyu hakai tumboni. Katika mwili, pamoja na mishipa ya damu, mna mishipa mingine myembamba ichukuayo maji ya mwilini na kuyarudisha katika damu, ikipita katika tezi za kinena, za kwapa na za shingo. Humo ndimo mnyoo afanyamo makao, akaishi yapata miaka 5 hata 7, na jike huzaa vitoto maelfu kwa maelfu. Mishipa ikiisha kupanuka na kuharibika, maji hukosa njia, kama mfereji wa shamba uliobomoka. Yakituama mguuni, mguu huvimba, na ngozi huwa nene na ngumu. Hayo ndiyo matende. Yakikusanyika katika mfuko wa korodani, hilo ndilo busha. Mambo hayo huja polepole, baada ya miaka mingi, na kwa sababu hiyo wazee wetu hawakuweza kujua yalianzia wapi.

2. Mbu ndiye mchukuzi

Mwaka 1877 daktari mmoja Mskoti, jina lake Patrick Manson, alikuwa akifanya kazi Amoy, bandari ya Uchina. Aliwaacha mbu wamnyonye mtu mwenye vitoto vya mnyoo katika damu yake, kisha akawapasua mbu wale siku baada ya siku, akitazama kwa darubini. Akaona vitoto vile vinakua ndani ya mbu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujulikana ya kuwa mdudu mwenye kunyonya damu huweza kulea ugonjwa wa mwanadamu. Lakini Manson alidhani ya kuwa mbu hufa majini, na watu huupata mnyoo kwa kunywa maji yale. Ikapita miaka 23. Mwaka 1900, huko London, George Carmichael Low aliwakata mbu vipande vyembamba sana, akawaona wadudu wamo ndani ya mdomo wenyewe, tayari kuingia katika mtu mbu aumapo.

Liko na jambo jingine la ajabu. Mchana vitoto vya mnyoo hujificha katika mishipa ya mapafu. Usiku, hasa tangu saa 4 hata saa 8, huja katika damu iliyo karibu na ngozi. Na saa hizo ndizo mbu wetu waumapo! Kwa hiyo waliotaka kuviona iliwapasa kuzunguka vijijini usiku, wakitwaa tone la damu katika kidole cha kila mtu. Siku hizi kuna kipimo kingine kiwezacho kumtambua mwenye mnyoo hata mchana.

Mbu akiisha kuvinyonya vitoto, hukaa navyo kama siku 10 hata 14 mpaka vimekomaa. Navyo haviongezeki ndani yake. Kwa malaria, kuumwa mara moja kwaweza kutosha kumlaza mtu. Kwa matende sivyo: lazima mtu aumwe mara nyingi sana, tena dume na jike wakutane mwilini ndipo wazae. Basi mgeni alalaye Bagamoyo usiku mmoja hana hofu kubwa. Mwenye hatari ni mwenyeji alalaye bila chandarua mwaka hata mwaka, tangu utoto wake.

Mbu wenyewe ni wa aina mbili. Kule mashambani, karibu na madimbwi ya mvua na majaruba ya mpunga, ni anofelesi, yule yule wa malaria. Mjini ni kuleksi, apendaye maji machafu: mashimo ya vyoo yaliyojaa maji, makaro yasiyofunikwa, na mifereji iliyoziba.

3. Mwenye afya ndiye ghala

Hapa msomaji na asome taratibu, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mwenye mguu mkubwa mara nyingi hana tena vitoto katika damu yake. Mbu akimnyonya hapati kitu. Lakini kijana mwenye nguvu, avuaye samaki na kucheza mpira, asiye na dalili hata moja, aweza kuwa na vitoto vingi damuni, na kila usiku mbu huvichukua kutoka kwake kumpelekea mtoto wa jirani. Basi ukiwatibu wale wanaoonekana wagonjwa tu, umefunga mlango na kuliacha dirisha wazi.

Kwa sababu hiyo dawa hupewa watu wote wa mahali. Mwaka 1997 mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliazimia kuuondoa ugonjwa huu. Tanzania ilianza kugawa dawa katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000, na Zanzibar ikafuata mwaka 2001. Dawa ni mbili, ivermektini na albendazoli, nazo humezwa pamoja mara moja kwa mwaka. Mgawaji humpima mtu kimo kwa fimbo yenye alama, apate kujua ampe vidonge vingapi. Watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa mahututi hawapewi.

Dawa hizi huviua vitoto damuni, ila mnyoo mkubwa kwa kawaida hasifi. Ndiyo maana hurudiwa kila mwaka, angalau miaka mitano, na katika kila watu 100 wa mahali yapasa 65 au zaidi wameze. Anayemeza huweza kupata homa kidogo au kuumwa kichwa siku moja au mbili, kwa kuwa vitoto vinakufa ndani yake. Wengine wakiona hivyo husema, "Dawa imeniletea ugonjwa," au hueneza uvumi ya kuwa vidonge hukata uzazi. Uvumi huo si kweli. Wilaya nyingi zimekwisha kupimwa na ugawaji ukakomeshwa, kwa sababu mnyoo amepungua sana. Togo ilithibitishwa kuwa imeshinda mwaka 2017, na jirani zetu wa Malawi mwaka 2020.

4. Mafunzo mawili ya pwani

La kwanza latoka Makunduchi, kusini ya Unguja, kuvuka bahari kutoka kwetu. Huko karibu nusu ya watu walikuwa na vitoto vya mnyoo katika damu, na mbu wa kuleksi walijaa katika mashimo ya vyoo. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikikwisha, watu walipewa dawa iitwayo DEC, na katika mashimo yenye maji zikamwagwa chembe nyepesi za plastiki, zile za kufungia vyombo visivunjike. Chembe zikaelea, zikafanya tabaka juu ya maji, na viluwiluwi vya mbu vikakosa pumzi. Mbu wakapungua mno, na baada ya miaka michache waliobaki na vitoto damuni walikuwa wachache sana.

La pili latoka Kimang'a, katika wilaya ya Pangani. Yalijulikana ya kuwa ndani ya mnyoo mna vijidudu vidogo viitwavyo Wolbachia, ambavyo pasipo hivyo mnyoo hawezi kuzaa wala kuishi vema. Wanaume wa Kimang'a wakakubali kujaribiwa dawa ya doksisaiklini kila siku kwa majuma 8, na habari zao zikatangazwa mwaka 2005: hata minyoo wakubwa wengi walikufa. Dawa hiyo haifai kugawiwa kijiji kizima, kwa ajili ya urefu wa siku zake na kwa kuwa wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Lakini katika mkono wa daktari ni msaada mkubwa.

5. Kumtunza aliyekwisha kuumwa

Mwenye busha na aende hospitali apasuliwe. Ni kazi ya muda mfupi, na wengi huinuka wakarudi katika kazi zao. Asikubali kutobolewa kwa sindano nyumbani: maji hurudi, na jeraha huoza.

Mwenye matende na aoshe mguu wake kila siku kwa maji safi na sabuni, aukaushe vema, hasa kati ya vidole, kwa maana homa kali na maumivu yake huletwa na vijidudu viingiavyo katika nyufa za ngozi. Avae viatu vya kumtosha, auinue mguu akilala, autembeze wayo juu na chini akikaa. Kwa kufanya hivi homa hupungua, na mguu huacha kuongezeka.

Ninyi walimu na wazee wa sharika mwawajua wale wasioonekana tena ibadani wala barazani. Mwendeeni mtu huyo nyumbani kwake, mkamweleze kwa faragha ya kuwa hakulogwa wala hakulaaniwa, kisha mwende naye hospitali.

Maswali ya kujifunzia

1. Mnyoo wa matende hukaa wapi mwilini, naye huishi muda gani?
2. Kwa nini mwenye mguu mkubwa siye hatari kuliko wote kwa jirani zake?
3. Kwa nini dawa hurudiwa kila mwaka?
4. Katika mtaa wako ni mashimo gani yazaayo kuleksi, na nani ataanza kuyafunika?