Madoa ya Kutu na Mikwaruzo kwenye Sinki la Stenlesi: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Jikoni, Kariakoo na Katikati ya Jiji

Mwongozo huu ni kwa mama lishe, wapishi wa migahawa, wahudumu wa usafi kwenye maghorofa na mafundi bomba wa Kariakoo, Gerezani na Mchikichini. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba doa la kutu kwenye sinki la stenlesi mara nyingi si kutu ya sinki lenyewe. Ni chuma kingine kilichoachwa juu yake kikashika kutu. Anayesugua doa bila kutafuta kilicholileta atasugua tena wiki ijayo, na kila akisugua anaongeza mikwaruzo.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikipata hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio kinga. Ukikwaruzwa hujirudi wenyewe, mradi chuma ni kisafi na hewa inafika. Kinachoushinda ni kloridi: chumvi ya mezani, maji ya chumvi ya visima, na dawa ya klorini kama Jik ikiachwa ikakaukia. Hapa mjini hoja ya visima si ndogo. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgawo, nyumba nyingi zilitegemea maji ya visima, na yako majengo ambayo hayajaviacha mpaka leo. Maji yakiacha ukungu mweupe kwenye bomba, ujue na sinki linapata sehemu yake.

Kwanza tambua doa. Osha sinki kwa sabuni, suuza, kausha, kisha pitisha ukucha juu ya doa. Ukipita bila kukwama na doa ni la rangi ya chungwa juu juu tu, hiyo ni kutu ya kuletwa. Vyanzo vyake vinajulikana: vipande vya stiliwaya, kopo la nyanya lililolala na maji usiku kucha, chuma cha chapati, kisu cha bei rahisi, hata mguu wa jiko la mkaa uliowekwa humo ili uoshwe. Ukucha ukikwama kwenye vishimo mithili ya ncha ya sindano, basi sinki lenyewe linaliwa. Doa litatoka, lakini vishimo vitabaki.

Kutu ya juu juu huondolewa na asidi laini. Lowesha kitambaa kwa siki au maji ya limau, kilaze juu ya doa kwa dakika 20 hadi 30, kisha futa. Likibaki, suuza, paka uji mzito wa bekingi soda na maji, usugue taratibu kwa dodoki kufuata mistari ya chuma, usuuze tena na ukaushe. Wengi humimina siki juu ya bekingi soda na kufurahia povu. Povu hilo ni dalili kwamba vitu hivyo viwili vinamalizana nguvu. Tumia kimoja baada ya kingine.

Dawa ya kusafishia choo yenye asidi kali isikaribie sinki kabisa. Asidi hiyo mara nyingi ni ya hidrokloriki. Huondoa doa na utando pamoja. Na hili ni la usalama wa maisha: usichanganye Jik na siki, limau wala dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jikoni nyingi za maghorofa ya Kariakoo hazina dirisha la maana. Hatusemi Jik iachwe, kwa sababu jikoni ya biashara lazima iue vijidudu. Izimue kama lebo inavyoelekeza, isikae zaidi ya muda ulioandikwa, kisha suuza kwa maji mengi.

Kuhusu mikwaruzo, uwe na subira. Michirizi mingi ya kijivu inayoitwa mikwaruzo ni alama za sufuria za alumini zilizoburutwa. Alumini ni laini kuliko stenlesi, hivyo yenyewe ndiyo inayobaki juu ya sinki. Uji ule ule wa bekingi soda huiondoa. Mikwaruzo ya kweli, ile midogo, haina madhara. Sinki la kazi litakuwa nayo tu, na baada ya miezi kadhaa huungana ikaonekana rangi moja. Anayetaka kuipunguza atumie msasa wa maji, namba 400 kisha 600, kwa mkono mwepesi na kwa kufuata mistari, akijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Msasa uliokwisha kugusa chuma cha kawaida usitumike. Sinki linalong'aa kama kioo, au lile jeusi lililopakwa rangi, lisiguswe na msasa hata kidogo. Kumbuka pia kwamba bati la sinki huwa na unene wa karibu milimita 1, na mengine ni membamba zaidi.

Mafundi wana sehemu yao. Sinki jipya likiota madoa wiki ya kwanza, mara nyingi lawama si ya dukani. Cheche za grenda iliyokata nondo pembeni zimetua juu yake. Lifunike wakati wa kazi. Wanaochomelea masinki ya hoteli watenge brashi na diski za stenlesi peke yake, na waondoe weusi wa moto kwenye mshono, kwani hapo ndipo kutu huanzia.

Anayenunua asidanganyike na sumaku. Stenlesi ya daraja la 304, yenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli 8, hainasi sana. Lakini hata ya daraja la 201, yenye nikeli kidogo na kinga hafifu, nayo hainasi. Sumaku haiwezi kuzitenganisha. Ulizia daraja, tafuta muhuri wake, na risiti iliandike.

Jikoni ya zamu ipange mtu wa kulikausha sinki usiku: stiliwaya itoke, makopo yatoke, kichujio kiinuliwe na chini yake pafutwe. Sinki lililokwisha kutoboka halifai kuchomelewa, kwa kuwa bati lake ni jembamba. Funga maji, mwite fundi bomba alitoe, na kabla ya kufunga jipya mwambie akague kama bomba la juu linadondosha maji ya chumvi mahali pale pale.