Istilahi za Kriketi katika Kiswahili: Msikilizaji wa Pipeline na Mechi ya Gymkhana

Ikisiri

Makala haya yanachunguza pengo lililopo katika msamiati wa michezo wa Kiswahili kuhusu kriketi. Kwa kutumia mechi ya Kombe la Dunia kati ya Kenya na Sri Lanka iliyochezwa Nairobi Gymkhana tarehe 24 Februari 2003, makala yanapima istilahi chache kwa kigezo kimoja: je, mkazi wa mtaa wa Pipeline asiyewahi kuiona kriketi anaweza kuzielewa akisimuliwa?

1. Utangulizi

Mpenzi wa kandanda anayeishi Pipeline, Embakasi, ana lugha ya kutosha ya kuufuatia mchezo wake. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira vilivyobanana chini ya majumba ya ghorofa, mtu aliyechelewa huuliza mambo yalivyo naye huelezwa kwa sentensi mbili tatu: nani amefunga, nani ameotea, nani ameonyeshwa kadi. Haelezwi maana ya kuotea. Neno hilo, ambalo asili yake ni kuvizia kama afanyavyo mwindaji, lilipanuliwa maana na kuingizwa uwanjani, nalo likazoeleka kwa kutumiwa redioni na mitaani. Watangazaji wa aina ya Leonard Mambo Mbotela walioitangaza kandanda kwa Kiswahili walikuwa, kwa hakika, waundaji wa istilahi, ijapokuwa hawakuketi katika kamati yoyote ya lugha.

Hali ni tofauti kabisa kwa kriketi. Ni bayana kwamba Kiswahili kina jina la mchezo huu, lakini hakina msamiati uliozoeleka wa kumsimulia mtu yanayotendeka ndani yake. Pengo hili lina uzito kwa kuwa kriketi ndiyo iliyoipa Kenya mojawapo ya fahari zake kubwa za michezo katika karne hii, na fahari hiyo ilipatikana katika jiji lilelile la Pipeline. Kutoka mtaani humo hadi uwanja wa Gymkhana, karibu na Ngara, ni safari ya matatu hadi katikati ya jiji na nyingine fupi baada ya hapo. Umbali wa kilugha umekuwa mrefu zaidi.

2. Kriketi katika Jiji la Nairobi

Kriketi ililetwa na Waingereza, na kwa muda mrefu viwanja vyake vilifuata mipaka ya rangi. Mechi ya Maofisa wa serikali dhidi ya Masetla ilianza mwaka 1910. Ile ya Wazungu dhidi ya Waasia ilianza mwaka 1933. Mechi hizi zilikuwa na sura ya sherehe: watu waliziendea ili kuonana na kula pamoja kama walivyoziendea kutazama mchezo. Mwafrika hakuwa na timu katika ratiba hiyo.

Baadaye vijana wa Kiafrika waliingia mchezoni, hasa kupitia vilabu vya Waasia wa Nairobi. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni namna mchezo ulivyorithishwa. Ukiangalia majina ya wachezaji walioiwakilisha Kenya kuanzia miaka ya 1990, utaona ndugu wengi wa tumbo moja: Tom, David na Steve Tikolo, Edward na Maurice Odumbe, Martin na Tony Suji, Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya. Mchezo ulipita kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake. Urithishaji wa namna hii hauhitaji istilahi nyingi, kwa maana anayejifunza husimama kando ya anayejua akamtazama mkono wake. Ubora wake ulionekana tarehe 29 Februari 1996, Kenya ilipoishinda West Indies mjini Pune, India, kwa tofauti ya mikimbio 73. Udhaifu wake ni kwamba asiyezaliwa karibu na uwanja hubaki nje. Yeye huhitaji kusimuliwa, na msimulizi huhitaji maneno.

3. Tatizo la Neno “Kaunti”

Mfano wa kwanza wa ugumu wa kusimulia unatokana na neno ambalo kila Mkenya analifahamu. Katiba ya mwaka 2010 ilileta mfumo wa ugatuzi, na tangu mwaka 2013 nchi ina serikali za kaunti 47. Kwa hiyo mkazi wa Pipeline akisikia “kriketi ya kaunti”, haraka atafikiria gavana, wawakilishi wa wadi na ada za biashara.

Nchini Uingereza, hata hivyo, kriketi ya kaunti ni mashindano ya kale ya timu 18 zinazobeba majina ya majimbo ya kihistoria, na ubingwa wake rasmi ulianza mwaka 1890. Mechi ya ubingwa huo huchukua hadi siku 4. Aidha, baadhi ya timu huuacha uwanja wao mkuu kwa siku kadhaa kila mwaka, zikaenda kucheza katika uwanja wa tamasha, yaani uwanja mdogo wenye mazoea ya miaka mingi. Gloucestershire, kwa mfano, ilicheza kwa mara ya kwanza katika uwanja wa shule ya Cheltenham College mwaka 1872, na desturi hiyo ikaendelea. Mahema hutandwa kando ya uwanja, na familia hushinda hapo kutwa nzima.

Habari hizi zinamhusu Mkenya kwa sababu mwaka 2003, baada ya Kombe la Dunia, Collins Obuya alijiunga na timu ya kaunti ya Warwickshire. Ili habari hiyo ieleweke Pipeline, haitoshi kuandika “alijiunga na kaunti”. Makala haya yanapendekeza “ligi ya majimbo ya Uingereza” pale neno linapotajwa mara ya kwanza, na “kaunti” baada ya maelezo hayo. Funzo ni kwamba neno linaweza kuwa la Kiswahili kabisa na bado likampotosha msikilizaji.

4. Uteuzi wa Istilahi

Njia za kuunda istilahi zinafahamika: kukopa, kutafsiri, kupanua maana ya neno lililopo na kunyambulisha. Swali ni ipi itumike wapi. Yafuatayo ni maneno sita ambayo msimulizi hawezi kuyakwepa.

(a) Mkimbio. Hiki ni kipimo cha alama katika kriketi. Wengi wangependekeza “mbio”, lakini nchini Kenya neno hilo limekwisha kutwaliwa na riadha. “Mbio 210” haisikiki vizuri masikioni mwa watu waliozoea mbio za mita 800. Zaidi ya hayo, mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubingirika, mpigaji hupewa 4, na ukivuka bila kugusa chini hupewa 6, pasipo yeye kulazimika kukimbia. “Mkimbio”, katika ngeli ya U-I, linahesabika kwa urahisi: mkimbio 1, mikimbio 210.

(b) Gongo. Kifaa cha kupigia mpira hakiwezi kuitwa “bati”, kwa kuwa bati tayari ni la kuezekea. Kwa umbo, neno la pwani “kafi” lingefaa zaidi, kwani kasia hilo dogo lina mpini na ubapa kama kifaa chenyewe. Hata hivyo, mkazi wa Pipeline ambaye hajawahi kupanda mtumbwi hatalielewa. “Gongo” lina kasoro zake: limo katika mpira wa magongo, na nchini Tanzania ni pombe haramu. Pamoja na hayo, ndilo linaloeleweka haraka zaidi, na muktadha huondoa utata.

(c) Vijiti na kutoka. Neno “wiketi” hubeba maana tatu katika Kiingereza: vijiti vitatu vilivyosimikwa, ukanda wa ardhi unaochezewa, na tukio la mpigaji kuondolewa. Kulikopa lilivyo ni kukopa pamoja na utata wake. Kiswahili kinaweza kutenganisha: vijiti, ukanda na kutoka. Neno “kutoka” halihitaji kufundishwa. Watoto wa Nairobi wanaocheza kati, mchezo ambao walio katikati hukwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili, hulitumia kila siku, aliyeguswa ametoka. Aidha, mpigaji ambaye mpira wake umeshikwa kabla ya kugusa chini “amedakwa”, naye anayesimama nyuma ya vijiti ni “mlinda vijiti”, kwa mfano wa mlinda lango.

(d) Mrushaji na msokotaji. Baadhi wanaweza kupinga “mrushaji” kwa hoja kwamba sheria za kriketi hukataza mkono kukunjuka kiwikoni wakati wa kurusha. Hoja hii si nzito, kwa sababu kitenzi “kurusha” hakisemi lolote kuhusu kiwiko. Anayetegemea kasi ni mrushaji wa kasi. Anayeuzungusha mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono ili ubadili mwelekeo unapodunda ni msokotaji, kutokana na kitenzi kinachotumika kwa kamba na nyuzi.

(e) Ova. Hili ni fungu la mipira 6 inayorushwa na mrushaji mmoja. Hapa ukopaji unafaa: neno ni fupi, silabi zake ni za Kiswahili, na halina mgogoro na neno jingine. Ova isiyotoa mkimbio wowote inaweza kuitwa ova kavu.

(f) Zamu. Ni kipindi ambacho timu moja inapiga. Dhana ya zamu ni ya kila siku, kuanzia bombani hadi kazini, hivyo haihitaji maelezo.

5. Istilahi Zikijaribiwa

Istilahi hazipimwi kwa kuorodheshwa bali kwa kutumiwa. Mechi ya Jumatatu, tarehe 24 Februari 2003, inaweza sasa kusimuliwa hivi:

Kenya ilichukua zamu ya kwanza. Katika ova 50 ilipata mikimbio 210, wapigaji 9 wakiwa wametoka. Kennedy Otieno alichangia 60. Msokotaji Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka aliwatoa wapigaji 4 kwa mikimbio 28. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka 1996, walipochukua zamu yao walitarajiwa kushinda. Collins Obuya akapewa mpira. Akarusha ova 10, akaruhusu mikimbio 24 pekee, akawatoa wapigaji 5, miongoni mwao Aravinda de Silva aliyekuwa amefikisha 41. Wapigaji wote 10 wa Sri Lanka wakatoka kwa mikimbio 157. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53.

Msikilizaji makini atauliza kwa nini wahesabiwe 10 ilhali timu ina wachezaji 11. Jibu ni kwamba wapigaji hucheza wawili wawili; wa kumi akitoka, aliyebaki hana mwenzake, na zamu inakwisha. Swali la namna hii ni ishara njema. Anayeuliza hesabu ya wapigaji amekwisha kuuelewa mchezo, na kinachombakia ni sheria zake.

Suala la sarufi pia linajitokeza. Mtangazaji wa kandanda hutegemea sana kiambishi -na-, kwa kuwa mpira haumsubiri: anapokea, anageuka, anapiga. Katika kriketi kuna utulivu baada ya kila mpira. Mtangazaji hupata nafasi ya kutumia -ka- na kulisimulia tukio kama kisa kidogo kilichokamilika: mrushaji akaja, akausokota, mpigaji akanyoosha gongo, akaukosa, vijiti vikaanguka. Kisha hu- hupata kazi ya kueleza mazoea: mrushaji huyu huanza taratibu. Kwa hiyo kriketi inakidai Kiswahili mbinu ambazo kinazo tayari katika masimulizi yake, na ambazo kandanda huzitumia kwa nadra.

6. Nafasi ya Lugha katika Hatima ya Mchezo

Ushindi wa Gymkhana uliisaidia Kenya kufika nusu fainali, ambako ilishindwa na India mjini Durban tarehe 20 Machi 2003. Hakuna nchi nyingine isiyocheza mechi za Test iliyowahi kufika hatua hiyo. Miaka iliyofuata ilileta migogoro ya uongozi na ya malipo ya wachezaji, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba anguko hilo lilisababishwa na uhaba wa istilahi. Lugha haikuvunja timu. Hata hivyo, lugha huamua nani atajua kwamba kuna kilichovunjika. Kandanda ya Kenya inapoyumba, malalamiko husikika Pipeline kuanzia kwenye matatu hadi kinyozini, na viongozi wa mchezo hulazimika kujibu. Kriketi iliporudi nyuma, mitaa mingi ya Eastlands haikuwa na maneno ya kulalamikia, kwa kuwa haikuwahi kupewa maneno ya kushangilia. Kijana wa Pipeline aliyezaliwa mwaka 2003 ni mtu mzima sasa, na huenda asijue kwamba mwaka huo jiji lake liliwashinda waliowahi kuwa mabingwa wa dunia.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa msingi wa kriketi unaweza kupatikana kwa kiasi kikubwa ndani ya Kiswahili chenyewe, na kwamba ukopaji utumike pale tu neno halileti utata. Yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa isimu watwae matokeo ya mechi za zamani za Kenya na kuyasimulia kwa Kiswahili, kisha wawasomee wasikilizaji wasioujua mchezo na kuandika kila neno lililowakwamisha. Pili, maneno yatakayokwamisha yaachwe, hata kama yanapendeza kikamusi. Tatu, vituo vya redio vya Kiswahili vipewe orodha fupi iliyokwisha kujaribiwa hivyo, badala ya orodha ndefu iliyotungwa mezani. Iwapo “kuotea” lilitoka kwa wawindaji likafika uwanjani, hakuna sababu ya “kutoka” la watoto wanaocheza kati lisifike Gymkhana.