Padre Aliyemwomba Jambazi Afe kwa Woga

Kwa miaka mingi nimesikia wapenda sinema wakiisifu picha moja ya majambazi iliyotengenezwa Marekani mwaka 1938, iitwayo Angels with Dirty Faces, yaani Malaika Wenye Nyuso Chafu. Juzi nimeitazama kwa mara ya kwanza, pamoja na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14. Nilidhani nitaona bunduki na moshi tu. Bunduki zimo, tena nyingi. Lakini lililoninyima usingizi ni swali la Amri ya Nane.

Habari yenyewe ni hii. Watoto wawili wa mtaa wa maskini mjini New York, Rocky na Jerry, wanaingia katika behewa la mizigo lenye kalamu za wino ili waibe. Polisi wanatokea, watoto wanatimua mbio. Jerry ana mbio zaidi, anaponyoka. Rocky anakamatwa na kupelekwa shule ya maadilisho, wala hamtaji mwenzake. Miaka inapita. Jerry amekuwa padre wa mtaa uleule. Rocky amekuwa jambazi mwenye jina magazetini. Anaporudi, vijana ambao Padre Jerry anajitahidi kuwalea wanamwandama Rocky kama vifaranga wamwandamavyo mama yao.

Wala siwalaumu. James Cagney, aliyemwigiza Rocky, ana uchangamfu wa kumvuta hata mtazamaji mwenye kola ya upadre. Kanuni za sinema za Marekani za siku zile, ambazo Padre Daniel Lord, Mjesuiti, alishiriki kuziandika mwaka 1930, na ambazo Joseph Breen, Mkatoliki mwenzetu, alizisimamia kwa mkono mzito tangu 1934, zilikataza kuwafanya watazamaji wauelekee upande wa uhalifu. Basi Rocky anahukumiwa kufa, na kanuni imetimizwa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumpenda.

Kabla ya kifo, Padre Jerry anamwendea mfungwa na ombi la ajabu: asikiendee kiti cha umeme kishujaa, bali alie na kuomba kuhurumiwa, ili vijana wamdharau na kuacha kumwiga. Rocky anakataa; ushujaa ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Anakwenda kwa kiburi. Halafu, ghafula, anaanza kupiga mayowe na kung'ang'ania. Twaona vivuli, twaona mikono.

Mtakatifu Agostino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, akafundisha kwamba hata uongo wa kumwokoa mtu haufai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yasema wazi kuwa nia njema haiugeuzi uongo kuwa wema. Kwa kipimo hicho, padre aliomba asichokuwa na haki ya kukiomba. Vijana wanapomwuliza kama magazeti yamesema kweli, anawajibu kwamba ndivyo Rocky alivyokufa. Jibu hilo ni kweli masikioni; je, ni kweli moyoni mwake anayelitoa?

Nasema hivi kwa kusita. Padre Jerry si mnafiki. Anajua kwamba kilichomtenga na Rocky ni wepesi wa miguu tu, na mwishoni anawaita vijana wakamwombee mtoto ambaye hakuweza kukimbia kama yeye. Ningekuwa mimi, ningewaketisha niwasimulie habari ya behewa lile tangu mwanzo hadi mwisho, maana hiyo ni kweli iliyokuwa mkononi mwake, tena nzito kuliko mchezo wowote wa kuigiza. Ila ni rahisi kunena haya kutoka kiti cha mhariri.

Na kama Rocky aliogopa kweli, basi hapakuwa na uongo. Cagney mwenyewe aliandika mwaka 1976 kwamba aliigiza makusudi kwa namna ya kumwachia mtazamaji aamue.

Mpwa wangu aliamua upesi. "Mjomba," akasema, "hakuogopa hata kidogo. Alifanya vile kwa ajili ya rafiki yake." Kisha akaongeza kwamba kwa sababu hiyo anazidi kumpenda Rocky. Sikuwa na jibu tayari. Nikamwambia Jumapili tutaitazama tena sehemu ile ya mwisho.