Mafuta Kwenye Damu: Kijitabu cha Kaya za Bweri, Musoma

Lehemu ikizidi mwilini haiumi. Mwenye nayo hasikii kizunguzungu wala homa. Anavuta nyavu, analima, anacheza ngoma harusini, huku mafuta yakijipanga kwenye kuta za mishipa yake ya damu mwaka hadi mwaka. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kiharusi au shambulio la moyo. Hapo majirani huanza kunong'ona kwamba ametupiwa kitu, kwa sababu jana tu walimwona mzima.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba karibu asilimia 26 yao walikuwa na lehemu iliyozidi kiwango. Ni kama mmoja katika kila wanne. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa matajiri wa Dar es Salaam peke yao. Upo Musoma, upo kwa mwalimu, kwa mama ntilie, kwa dereva wa bodaboda, na upo pia kwa watu wembamba ambao hakuna anayewashuku.

Lehemu, ambayo wengi wetu tunaiita kolesteroli au "mafuta kwenye damu", si sumu. Mwili huitumia kujenga seli, kutengeneza homoni na nyongo. Sehemu kubwa yake haitoki sahanini kabisa; hutengenezwa na ini lenyewe. Ini huipakia kwenye vibebeo vinavyosafiri na damu. Kimoja, ambacho kwenye karatasi ya maabara huandikwa LDL, huipeleka sehemu za mwili, na kikizidi huiacha kwenye kuta za mishipa. Kingine, HDL, huikusanya na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo maana daktari hufurahia LDL ikiwa chini, na hakunji uso HDL ikiwa juu.

Tuanzie kwenye karai

Ukimuuliza mtu wa hapa aliyeambiwa kwamba ana mafuta kwenye damu ameacha kula nini, atakujibu haraka: mayai. Jibu hilo limekaa vichwani mwetu kwa miaka mingi. Kweli, kiini cha yai kina lehemu, lakini kwa watu wengi lehemu iliyomo ndani ya chakula hupandisha ile ya kwenye damu kidogo tu. Kinachoipandisha zaidi ni mafuta yanayoganda, yaani yale magumu ya nyama, siagi, samli, mawese na nazi. Mafuta ya aina hiyo hulifanya ini lipunguze kazi yake ya kuichota LDL kutoka kwenye damu. Inabaki ikizunguka. Yai moja la kuchemsha kwa siku si tatizo kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari wake. Chipsi mayai ni hadithi nyingine, na kosa si la yai.

Ukienda dukani utakuta chupa na madumu yameandikwa kwamba mafuta yake hayana kolesteroli. Maneno hayo ni ya kweli na hayakusaidii chochote, kwa sababu mafuta yote yanayotokana na mimea hayana lehemu ya kuhesabika. Swali la kuuliza ni kiasi gani cha mafuta hayo ni ya aina inayoganda. Kwenye mawese ni karibu nusu. Kwenye mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Samli ya ng'ombe inapita asilimia 60. Mafuta ya pamba, zao ambalo sisi watu wa kanda hii tunalijua vizuri, ni kama robo. Alizeti ni kama asilimia 11 tu. Mafuta mengi ya bei nafuu yanayouzwa kwa kupimiwa ni ya michikichi, hata kama yamechujwa mpaka yakawa meupe na hayagandi juani. Muulize muuzaji ni mafuta gani. Akisema "ya kula tu", nunua kwingine kama unaweza.

Tunajua bei. Alizeti mara nyingi ni ghali kuliko mawese, na kumwambia mama mwenye watoto sita abadilishe mafuta bila kumwambia hela itoke wapi ni maneno matupu. Njia ipo, nayo ni kupunguza kiasi. Acha kumimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko cha kulia chakula. Sufuria ya mboga ya watu sita inaiva vizuri kwa vijiko vitatu, kitunguu kikikaangwa kwa moto mdogo na nyanya zikifuata mapema ili zitoe maji. Kaya iliyokuwa ikimaliza lita moja kwa siku tatu ikiifikisha siku sita, basi gharama ya alizeti imejilipa yenyewe.

Kisha kuna kukaanga kwa kuzamisha: maandazi, sambusa, mihogo, kuku, samaki, chipsi. Kitu kikizamishwa kwenye mafuta hunywa mafuta. Zaidi ya hapo, mafuta yaleyale yakirudiwa motoni asubuhi, mchana na jioni mpaka yawe meusi na yatoe moshi wa kuwasha macho, yanaharibika na kuzalisha vitu vinavyodhuru mishipa. Wafanyabiashara wa chakula wa stendi ya Bweri wanalijua hilo kwa macho na pua. Mafuta yaliyochoka hayajifichi. Mteja naye ana haki ya kuchungulia karai kabla ya kuagiza. Nyumbani, kukaanga kwa kuzamisha kubaki chakula cha mara moja kwa wiki. Maandazi ya kila asubuhi yanaweza kupisha viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha, au uji wa ulezi usiojazwa sukari.

Supu ya kongoro haijakatazwa. Ichemshe jioni, iache ipoe usiku kucha mahali salama ikiwa imefunikwa, bora kwenye jokofu kama lipo, na asubuhi uengue tabaka lililoganda juu kabla ya kuichemsha tena mpaka itokote. Utashangaa ni mafuta kiasi gani ulikuwa ukiyanywa. Kuku mvue ngozi. Nyama ya ng'ombe chagua steki kuliko nundu na mbavu zenye mafuta, na mtu mmoja asile nusu kilo peke yake kwa sababu tu ni Jumamosi.

Ziwa limetupa tunachohitaji

Mwaka 1996 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika kusini mwa nchi yetu, unaojulikana kwa jina la Lugalawa, kijiji cha wilaya ya Ludewa. Watafiti waliwalinganisha watu zaidi ya 1,200 wa vijiji viwili wenye asili inayofanana. Wa kijiji kimoja waliishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku. Wengine waliishi milimani na kula nafaka, maharage na mboga. Wala samaki walikutwa na lehemu ya chini zaidi, na hata shinikizo lao la damu lilikuwa chini. Hao walikuwa samaki wa maji baridi, wa ziwa, siyo wale wa makopo kutoka Ulaya ambao baadhi ya watu huwasifia.

Musoma tuna bahati hiyo mlangoni. Sato na sangara wanashuka Mwigobero, na dagaa wanauzwa kwa kisado kila mtaa. Dagaa ndio ushauri wetu wa kwanza kwa kaya yenye kipato kidogo: wana mafuta mazuri kwa moyo, wana madini ya chuma na chokaa, na bei yao haijapandishwa na viwanda vya minofu kama ilivyokuwa kwa sangara. Waoshe mara mbili kwa maji ya uvuguvugu kuondoa mchanga na chumvi, uwapike na nyanya na kitunguu. Samaki mbichi apikwe chukuchuku kwa ndimu, nyanya na pilipili hoho. Mzee yeyote wa Kikwaya au Kijita atakufundisha kama umesahau. Ila mapanki yaliyokaangwa mpaka yakakauka ni mafuta yenye mifupa. Tunayala, tunayapenda, lakini tusiyahesabu kama samaki wa kulinda moyo.

Sahani ikamilike kwa vitu viwili. Cha kwanza ni kunde, maharage au choroko, angalau mara nne kwa wiki. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni ileile lehemu ya kwenye damu. Bamia na mlenda hufanya kazi hiyohiyo. Cha pili ni majani: mchicha, mgagani, majani ya kunde, kisamvu kilichotiwa karanga za kusaga badala ya mafuta. Ugali wa mtama au wa dona ni bora kuliko sembe nyeupe, lakini hata huo ukiwa mlima, wanga uliozidi hugeuzwa kuwa mafuta ya aina nyingine kwenye damu. Soda, chai ya vijiko vinne vya sukari na pombe hufanya vivyo hivyo.

Wafugaji watatuuliza kuhusu maziwa. Mkoa wa Karelia Kaskazini nchini Finland ulikuwa wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na wanaume wake walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kuliko karibu wote duniani. Mwaka 1972 ulianza mradi wa kuwashawishi wapunguze siagi, chumvi na sigara, na waongeze mboga. Katika miongo iliyofuata vifo hivyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hawakuuza ng'ombe wao. Waliengua krimu. Nasi tunaweza kunywa mtindi ulioenguliwa na kuiacha samli iwe ya siku za wageni. Mtoto wa chini ya miaka miwili haguswi na ushauri huu. Yeye anahitaji mafuta na maziwa kamili ili akue.

"Babu zetu walikula nyama na hawakuugua"

Hoja hii husikika sana Mara, na si ya kupuuzwa. Miaka ya 1960 Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima Wamasai wa Tanganyika, watu walioishi kwa maziwa na nyama, na mwaka 1964 wakaripoti kwamba lehemu yao ilikuwa ya chini. Lakini utafiti wao wa mwaka 1972, uliochunguza mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliofariki, ulikuta mafuta yamejijenga kwenye kuta za mishipa hiyo. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikipita bila shida. Mann aliamini ni kwa sababu ya kutembea: walitembea na mifugo kutwa, kila siku, maisha yao yote.

Sisi tumebaki na nyama, mwendo tumeuacha kwenye bodaboda. Mtu anapanda pikipiki kutoka stendi hadi Kwangwa, anakaa dukani kwa muda wa saa kumi, anarudi kwa pikipiki, kisha anakula kama aliyechunga ng'ombe. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue haraka. Ni nusu saa kwa siku 5. Kuchota maji, kulima na kupiga kasia vinahesabika. Kusimama jikoni hakuhesabiki, samahani mama. Chukua pia futi ya fundi cherehani uzungushe kiunoni kwenye kitovu: mwanaume akipita sentimita 94 na mwanamke 80, hatari imeanza kupanda hata kama uzito unaonekana wa kawaida. Sigara na ugoro navyo viachwe. Tumbaku huumiza kuta za mishipa na sigara hushusha HDL.

Kupima, na vidonge

Hakuna njia ya kujua isipokuwa kupima damu. Ulizia kipimo cha mafuta kwenye damu katika kituo cha afya, na kama hakipo, Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa. Uliza mapema kama unatakiwa kufunga kula. Kwa mtu asiye na maradhi mengine, jumla ya lehemu iwe chini ya 5.2 na LDL chini ya 3.4, zikipimwa kwa milimoli kwa lita. Mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi, huwekewa LDL ya chini zaidi, kwa hiyo asijilinganishe na jirani.

Ukifikisha miaka 40, pima. Usisubiri umri huo ikiwa una shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa figo, au ikiwa baba au kaka yako alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65. Zipo familia zinazorithi lehemu nyingi, na hao lishe peke yake haiwatoshi. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waulize kliniki yao, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupandisha mafuta, na wasiziache.

Daktari akikuandikia dawa za jamii ya statini, ni kwa sababu chakula na mwendo havijatosha au hatari yako ni kubwa. Dawa hizi hupunguza utengenezaji wa lehemu ndani ya ini, na kwa wengi ni za muda mrefu. Kipimo kikirudi kizuri, ni kwa sababu unazimeza. Misuli ikiuma isivyo kawaida, mwambie daktari. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba amwambie pia. Kitunguu saumu, ndimu, siki na mlonge havina ubaya mezani, lakini anayekuuzia chupa ya "kuyeyusha mafuta" na kukuambia uache vidonge, usimsikilize.

Maumivu ya kubana kifuani, mdomo kupinda ghafla, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito: usimpeleke mgonjwa kwingine kwanza. Tafuta usafiri wowote uliopo saa hiyohiyo, mfikishe hospitali, na ubebe dawa zote anazotumia.