SOMO LA KAZI: Gari Rahisi Kuunganisha, Gumu Kutengeneza



Mafundi wa magari hapa Kigali huulizwa kila siku: kwa nini kubadilisha kifaa kidogo katika gari la kisasa kunachukua kutwa nzima? Mwenye gari hudhani fundi ni mvivu au anataka kumlia fedha. Somo hili linaonyesha kwamba tatizo halianzi gereji. Linaanza siku gari linapochorwa.

1. Gari huunganishwaje?

Mwaka 1913 Henry Ford alianzisha huko Highland Park, Marekani, mstari wa kuunganishia magari unaotembea. Kazi ya kuunganisha shasisi, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ikashuka hadi dakika 93. Tangu hapo viwanda vyote vya magari vinatafuta kupunguza dakika.

Njia ya siku hizi ni kuandaa mafungu makubwa pembeni. Dashibodi huja nzima, pamoja na nyaya na kipasha joto, ikaingizwa kwa mara moja. Injini, giaboksi na ekseli ya mbele huinuliwa pamoja kutoka chini. Wafanyakazi wa Ujerumani huiita hatua hiyo "harusi". Mahali pengi skrubu zimeondolewa, vikawekwa vibanio vya plastiki vya kubonyeza kwa kidole.

Kazi ya kuunganisha imefika kwetu pia. Juni 2018 Volkswagen ilizindua kiwanda katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, na uwezo uliotangazwa ulikuwa magari 5,000 kwa mwaka.

2. Fundi hukuta nini?

Mkubwa aliyefunga harusi ana mashine ya kuinulia. Fundi anayeivunja mara nyingi ana jeki na spana. Kipasha joto kikivuja, katika magari mengi lazima dashibodi yote itoke. Katika mengine huwezi kubadilisha balbu ya taa ya mbele bila kufungua bampa. Vibanio vilivyoingia kwa sekunde moja huvunjika vinapotolewa, na lazima vinunuliwe vingine.

Wazee wa kazi wanalikumbuka Volkswagen Beetle, gari la mgongo wa kobe. Injini yake ilishikwa kwenye giaboksi mahali panne tu. Kwa hiyo gari laweza kuundwa kwa wingi na bado likamkumbuka fundi.

3. Hesabu ya jasho

Tuchukue mfano. Kiwanda kikiokoa dakika 10 kwa kila gari, katika magari 5,000 kimeokoa dakika 50,000, yaani kama saa 833. Magari 500 kati ya hayo yakiharibika, na kila moja likadai saa 4 za ziada, gereji zimepoteza saa 2,000. Faida ya saa 833 imeingia kwenye hesabu za kampuni. Hasara ya saa 2,000 haikuandikwa popote. Imelipwa na mwenye gari, au na fundi anayelipwa kwa kazi, si kwa saa.

Tusiwalaumu wenzetu wa kiwandani. Kuandaa dashibodi pembeni kumewaondolea adha ya kujikunja ndani ya bodi. Hawakuchora gari hilo, nasi hatukulichora.

4. Tufanye nini?

Kwanza, fundi amweleze mteja muda wa kufungua na kufunga kabla ya kushika spana, na muda huo ulipwe. Pili, tudai vitabu vya matengenezo na vifaa viwafikie mafundi wote. Afrika Kusini, tangu Julai 2021, mwongozo wa Tume ya Ushindani unamruhusu mwenye gari kulipeleka gereji ya nje bila kupoteza dhamana. Tatu, haya yanawahusu pia wenzetu wa mashamba ya chai na viwandani. Mwajiri akitaka kununua lori au mtambo mpya, fundi wa matengenezo aulizwe kwanza: sehemu inayoharibika upesi inafikiwa kwa njia gani?

Maswali ya kujadili tawini

(a) Ni mashine gani kazini kwenu inayochukua muda mrefu kufunguliwa kuliko kutengenezwa?
(b) Muda huo unalipwa na nani?
(c) Je, fundi wenu aliulizwa kabla ya mashine hiyo kununuliwa?