Kufundisha mawimbi kwa darasa lililozima kamera

Wenzangu wanaoanza kufundisha mawasiliano pasiwaya mtandaoni huniuliza natumia programu gani. Yoyote. Nunua maikrofoni ya waya, rekodi kipindi, tuma noti mapema kwa wenye bando dogo. Hayo mnayajua.

Niwape la Jumanne. Nilikuwa kwenye desibeli, mada inayolaza darasa kila mwaka. Naita majina, hakuna anayeitika. Mara binti mmoja aliyekuwa kwao Njombe akafungua maiki: "Samahani Dokta, hizi desibeli mtu anaziona wapi?"

Nikafunga slaidi. Nikamwambia aingie kwenye mipangilio ya simu, atafute taarifa za laini, anisomee nguvu ya mtandao. "Hasi 113, Dokta." Uko wapi? Jikoni, chini ya bati. Toka hadi uani. Tukasikia mlango, tukasikia kuku, kisha: "Hasi 83!"

Tofauti 30. Kila desibeli 10 ni mara kumi, kwa hiyo nguvu ya uani ilikuwa mara 1,000 ya ile ya jikoni; iliyobaki imeliwa na bati na ukuta. Hapo ujumbe ukaanza kumiminika. Mmoja kapima ndani ya daladala, mwingine kafunika simu kwa sufuria, analalamika haoni namba. Kumbe wote walikuwepo!

Basi, hatua ya kwanza: maabara ni simu ya mwanafunzi. Android nyingi zinaonyesha namba hiyo bila ubishi. iPhone wameificha, mpaka upige *3001#12345#*, tabia ambayo siipendi hata kidogo. Mtu asikuletee hesabu ya vile vijiti vya juu ya kioo. Kila mtengenezaji hujipangia kijiti kimoja ni kiasi gani.

Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Mwanafunzi akisogeza simu kidogo tu namba inaruka, anakuambia simu yake mbovu. Si mbovu. Kwenye masafa ya 1,800 MHz wimbi lina urefu wa sentimita 17 hivi. Mawimbi yaliyogonga kuta yanakutana na yaliyokuja moja kwa moja: hapa yanaongezana, sentimita chache pembeni yanauana. Kwa hiyo kila mahali anapopima, atembeze simu polepole juu ya eneo la meza, aandike namba kadhaa, azipange, achukue ya katikati. Wastani wa kujumlisha na kugawanya uacheni, maana desibeli ni logi na wastani wake si wastani wa nguvu. Ya katikati haina ugomvi huo. Na kila mara aangalie kama bado yuko 4G. Simu ikishuka kimyakimya hadi 3G, namba inapima kitu kingine kabisa, na ripoti nzima inaharibika.

Ya tatu ni kipokezi cha RTL-SDR, kile kidude cha USB. Muuzaji mmoja Kariakoo aliniapia kwamba bila "antena ya kisasa", tena ya bei mbaya, sitanasa hata redio. Stesheni za FM ziko kati ya 88 na 108 MHz. Kwenye 100 MHz wimbi ni mita 3, robo yake sentimita 75. Nikakata waya wa umeme uliobaki kwa fundi, nikauning'iniza dirishani, na stesheni za Dar zikasimama kwenye kioo moja baada ya nyingine. Yeye bado anaiuza ile antena.